Paja la Bulemo

Kivuko kilitutema Nansio saa nne na robo:
mabwana watatu wa mambo ya kale, futi kamba, kamera,
na mimi, niliyechukuliwa tu kwa kuwa najua njia.
Nyumba ilituona kabla hatujaiona,
jeupe la jicho juu ya jabali,
matao sita wima, la saba limepiga goti.

"Kihispania," alisema mkubwa wao, akavua kofia.
"Hapa, katikati ya Nyanza! Nani angeamini?"
Sisi tuliamini. Tulicheza kombolela ndani yake.

Bruda Anselmo, husimuliwa, aliichora mchangani
kwa bua la mtama. Ziwa likaifuta. Akachora tena.
Alikuwa na homa, na hamu ya kwao.
Alitaka ua wa ndani wenye kisima na mchungwa,
kuta nene, madirisha madogo yanayolibania jua,
na baraza refu linalotazama maji
kana kwamba ng'ambo ile si Majita
bali mlangoni kwa mama yake.

Lakini paa.
Paa lilimshinda kuchora.
Akajipiga paja, akasema kwa Kiswahili kinachochechemea:
kwetu, kigae hulala hapa.
Na paja lake yeye lilikuwa ufito.
Wakatafutwa wanaume. Akapatikana Bulemo,
mpiga makasia wa Muriti,
mwenye mapaja ya kiboko kijana.

Miezi minane babu yangu alikaa juu ya gogo,
udongo mweusi wa bondeni
ukipondwa, ukitandazwa, ukilazwa pajani,
ukikatwa kingo kwa uzi wa katani,
ukivuliwa polepole, usije ukacheka, usije ukapasuka.
Elfu nne, mia mbili na ushee.
Vya mwanzo vipana. Mvua zikagoma, mihogo ikaisha,
na njaa ile ikala hata paja:
panda juu uone, safu za kaskazini
zimekonda, haziumani vizuri,
na hapo ndipo panapovuja.

Mabwana walipima mlango, wakapima kivuli cha mlango.
Wakaandika: chokaa, mvule, udongo mbichi, popo.
Penye "fundi" mkubwa akaandika Anselmo,
akaweka nukta, akaifunika kalamu.

Mimi nilinyamaza.
Langu nilishalijaribu zamani, usiku, peke yangu.
Kigae kilibembea, hakikutulia.

Shangazi Nyamumwi alikuwa uani akigeuza dagaa
chini ya mchungwa uliokoma kuzaa,
miaka sabini na miwili, moshi hadi kwenye kope.
Hakusema neno. Alifuta mikono,
akaokota kigae kilichodondoka masika yaliyopita,
akaketi kwenye ngazi, akapandisha kanga,
akakilaza.

Kikalala,
kama paka aliyerudi nyumbani
asiulizwe alikokuwa.
Toka goti kwenda juu, hapakupita hata ukucha.

Kijana wa kamera alitazama pembeni kwa adabu,
kisha akatazama.

"Baba yangu," shangazi alisema, "hadi anakufa
alilalamika paja la kulia lina baridi usiku.
Tukadhani ni uzee."

Mkubwa akaifunua kalamu.
"Jina lake la pili?"
Shangazi akacheka, meno matatu na mwanya.
"Andika Bulemo. La pili liko juu. Lihesabu."

Saa tisa mawingu yakatokea upande wa Ukara,
visubi vya ziwani vikapanda, moshi usio na moto,
tukakimbilia sote chini ya matao,
mabwana, makaratasi, dagaa nusu mbichi.
Palivuja palepale, kaskazini.
Shangazi akasogeza sufuria bila kuangalia,
kama unavyomsogezea kiti
mgeni wa kila siku.